Kosa Nalo Husema

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya darasa la saba, zikionesha asilimia ya waliochagua kila herufi ya jibu katika maswali ya kuchagua. Hazina imo kwenye makosa: anayejibu kuwa 1/2 + 1/3 ni 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Wapo watakaosema amebahatisha tu. Lakini wabahatishaji hutawanyika. Penye herufi tano, kila moja hupata takriban asilimia 20. Kosa moja likizoa nusu ya watahiniwa, ama somo limeeleweka vibaya, ama swali lenyewe lina kasoro. Kweli, wanafunzi kumi hawatoshi kuhukumu. Lakini kwa darasa kubwa zaidi, hata mwalimu wa Ruaruke, wilayani Kibiti, hahitaji kompyuta: kalamu na daftari vyatosha kuhesabu A hadi E. Walimu, hesabuni na makosa.