Gugumaji: Ua lililogeuka gugu

MAKALA ya leo yanaangazia neno analolijua kila mkazi wa mwambao wa Ziwa Victoria: gugumaji. Sokoni Sondu utamsikia mchuuzi wa samaki akisema 'hayasinthi'. Magazetini tunaandika 'gugumaji'. Mmea ni mmoja, ila majina haya yanatoa hukumu mbili tofauti.

'Hayasinthi' tumelipata kupitia Kiingereza, lakini asili yake ni Ugiriki. Hyakinthos alikuwa kijana wa visaasili ambaye inasemekana damu yake ilichipua ua. Hilo ni jina la sifa. Mmea wenyewe ulitoka Amerika Kusini, ukasambazwa na watu waliopenda maua yake ya zambarau, wakapambia mabwawa yao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ulikuwa umeingia Ziwa Victoria.

'Gugumaji' nalo ni nomino ambatano: gugu na maji. Ndiyo maana huandikwa kama neno moja, na wingi wake ni magugumaji. Gugu ni mmea wowote unaoota mahali usipotakiwa. Hivyo basi, neno hili halielezi umbo wala rangi, bali uhusiano wetu na mmea. Hata muhindi ukijiotea katikati ya maharagwe, kwa mkulima ni gugu tu.

Hukumu hiyo ni ya haki. Mmea huu huweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu zake hulala matopeni miaka mingi. Katika Ghuba ya Winam, yanakoishia maji ya Mto Sondu-Miriu, umekwamisha mashua na kuwanyima wavuvi riziki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliachilia fukusi wanaoula. Ulipungua, kisha ukarudi, maana mbolea na majitaka yanayoingia ziwani huulisha.

Hata hivyo, jina hili linaficha jambo moja. Ukisikia 'gugu' unadhani limejiotea. La hasha! Lililetwa kwa mkono wa mtu. Waingereza wana kisa kama hicho: rododendroni, yaani 'mti wa waridi' kwa Kigiriki, walioupeleka kwao katika karne ya 18 kupamba bustani, leo wanahangaika kuung'oa misituni.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi ukinunua ua la kupamba kidimbwi chako, usiishie kuuliza linaitwaje. Uliza limetoka wapi, na mvua ikilisomba hadi mtoni, litaitwaje huko.