Maji ya karieri: yanatoka wapi, ni ya nani?

Wengi wanatuuliza sababu gani chemchemi ya chini inakuwa nyekundu kila mara mvua ikipiga. Wengine wanasema ni watu wa karieri wanatupa uchafu kwa makusudi. Siyo vile.

Mlima wenye majani unakunywa mvua pole pole. Kwenye karieri udongo umetolewa, limebaki jiwe tupu, na jiwe halinywi. Tufanye hesabu: milimeta 1 ya mvua juu ya meta mraba 1 ni litri 1. Mvua kali ya milimeta 40 juu ya hekta 1 ni litri 400,000, ndiyo kusema pipa 2,000 za litri 200. Karieri yetu ni kama nusu hekta. Basi pipa 1,000 zinashuka kwa mara moja, na zote zinapita njia moja na vumbi ya mawe.

Tena kuna maji ya namna mbili. Yale ya juu ya mlima yangali safi; yanachafuka yakiingia karieri. Kazi ya kwanza ni kuyakataza yasiingie. Unachimba rigoli juu ya ukuta wa karieri, kwa kuzunguka mlima, siyo kushuka nao. Ikishuka sana, rigoli yenyewe itakuwa korongo. Pale inapolazimika kushuka, unapanga mawe kama ngazi ili maji yapunguze mbio. Kwa mawe hatukosi!

Maji yaliyoangukia ndani ya karieri yanahitaji mashimo ya kutulia, mawili au matatu yenye kufuatana. Sisi wa darasa la 6 tulitia maji yale ndani ya chupa, tukatikisa, tukaweka dirishani. Mchanga ulikaa chini mbele hatujahesabu 60. Kesho yake maji yalikuwa yangali mekundu, sababu udongo laini unashuka pole sana. Kwa hiyo shimo moja linakamata mchanga tu. Udongo unataka maji machache na wakati mrefu, ndiyo maana rigoli ya juu ina faida kuliko shimo kubwa. Na mashimo yatolewe matope Juni mpaka Agosti, mvua haijarudi. Hapo ndipo watu wanachoka! Shimo lililojaa matope siyo shimo tena.

Lakini kuna hatari ingine mashimo hayaiponyi. Maji ya chemchemi yanapita ndani ya nyufa za jiwe. Wakichimba chini kuliko nyufa zile, maji yatatokea karieri na chemchemi itakauka. Lazima mpaka wa kuchimba ujulikane mbele ya nyundo.

Sasa, maji ni ya nani? Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema maji ni mali ya uma, ya Serikali. Basi siyo ya mwenye karieri, siyo ya masomo yetu, wala ya jamaa yenye shamba karibu ya chemchemi. Karatasi ya kuchimba mawe siyo karatasi ya maji. Na Kodi ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamlazimisha mwenye kibali kulipa hasara kazi yake inayoleta.

Hata vile, tusiseme mbio mbio «karieri ifungwe». Wamama wanaoketi pale na nyundo, kupasua kokoto na kuuzisha kwa ndoo, ni wamama zetu. Wengi kati yetu tunalipiwa minervali na kokoto zile. Kufunga karieri ni kufukuza wenzetu darasani.

Ugomvi uliobaki ni wa rigoli. Mwenye karieri anakubali kutoa mawe. Baba mwenye shamba la mihogo anakataa, anasema maji yatamwagikia kwake. Yeye ana haki. Shamba la chini linapokea maji yanayoshuka yenyewe, lakini maji yaliyokusanywa na mkono wa mtu, mwenye kuyakusanya ndiye anaulizwa yanaishia wapi. Kwa hiyo tumepima na kamba njia ingine, ya kupita nyuma ya mikaratusi mpaka bonde la mianzi. Inaongeza meta 60 za kuchimba. Baba yule ameitembea pamoja nasi na amekubali. Salongo ni siku ya posho, darasa la 5 na la 6, kila mtu na jembe lake.