Fumua Kwanza, Ndipo Ubuni

Kijana wa Kware, Nairobi, anayejiunga na shahada ya mitindo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta au cha Machakos mara nyingi hufika na daftari la michoro na jicho kali la kutambua kinachopendeza. Mikono ndiyo haijawa tayari. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulimshikisha mtoto wa shule ya msingi sindano na uzi, lakini mageuzi ya mtaala ya 2002 yalipunguza masomo ya aina hiyo, na wengi wanaoingia chuoni leo hawajawahi kukanyaga cherehani. Huambiwa wasubiri, chuo kitawafundisha. Naona ushauri huo unawapotezea muda, kwa sababu darasa zuri la ushonaji liko mtaani mwao, na somo lake la kwanza ni kufumua.

Kware inapakana na Pipeline na Mukuru kwa Njenga, na huko mitumba huuzwa kandokando ya barabara huku mafundi wa vyumba vya chini vya magorofa wakipunguza viuno, wakibadilisha zipu na kupandisha mapindo. Nguo kuukuu na wembe vinatosha kuanza. Ukifumua kola utakuta vipande viwili, cha chini kimekatwa kidogo zaidi ili mshono ujifiche. Ukitoa mkono wa koti, utaona kichwa chake ni kirefu kuliko tundu la kwapa, na urefu huo wa ziada umebanwa taratibu ndani ya mshono ili bega likae mviringo. Mshono wa nyuma wa suruali umeachiwa kitambaa cha akiba, mwenyewe akinenepa fundi aufungue. Mambo haya hayaonekani kwenye picha ya simu wala kwa nguo iliyovaliwa. Vipande vyenyewe vikipigwa pasi na kuchorwa juu ya karatasi ya kaki, tayari una ruwaza iliyokatwa na mtu aliyeijua kazi yake.

Wapo watakaosema mbunifu ni wa kuchora, kushona ni kazi ya fundi. Watamtaja Miuccia Prada, aliyesomea siasa hadi udaktari. Lakini yeye aliingia katika kampuni ya familia iliyoanzishwa 1913, ambako mafundi hodari walikuwapo tayari. Mwanafunzi wa Kware hana karakana ya kurithi. Yuko karibu zaidi na Alexander McQueen, aliyeacha shule na kujifunza kukata makoti kwa mafundi wa Savile Row, London, kabla ya kusomea mitindo Central Saint Martins. Asiyejua kushona huchora gauni la kitenge lililobana kiuno bila zipu, akasahau kwamba pamba ya kitenge haivutiki na gauni hilo halitapita mabegani. Fundi atalirekebisha apendavyo, na ubunifu utakuwa wa fundi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fundi wa mtaani hufundisha mazoea mabaya. Lina ukweli. Wengi huchora kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, kwa vipimo vya mteja mmoja, na nguo hiyo haiwezi kupanuliwa kwa hesabu hadi saizi nyingine tano. Kazi hiyo ya kupanga saizi, kuzijua nyuzi na kukokotoa gharama ndiyo chuo kinaiweza. Katika viwanda vya nguo vya Athi River, kwa upande mwingine, mfanyakazi anaweza kushinda siku nzima akishona mfuko tu, akapata kasi bila kuijua nguo nzima. Ndiyo maana nasisitiza kufumua: nguo yenyewe ndiyo mwalimu, fundi akiwa karibu kueleza. Na alipwe kwa muda wake. Fundi huyo anaweza kufanya majaribio ya kazi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la 3 hadi la 1; ujuzi wake unapimika.

Kuna wanaoumia kusikia mitumba ikisifiwa, na nawaelewa. Soko la Kenya lilipofunguliwa kwa mitumba na bidhaa nyingine za nje miaka ya 1990, viwanda vya nguo vilianguka, Kicomi cha Kisumu kikiwa kimojawapo. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa 1976, ilibidi inunuliwe na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 na kuzinduliwa upya 2019. Lakini mnunuzi wa soko la mitumba la Gikomba huipindua nguo akakagua mishono ya ndani kabla ya kuuliza bei. Anayetaka kumuuzia mtu huyo nguo mpya iliyoshonwa Kenya sharti ajue anachokitafuta mle ndani. Aanze na shati, ambalo lina vipande vichache kuliko koti, kisha suruali. Koti lisubiri mpaka aweze kuvirudisha vipande vya shati mahali pake na likavalika.