Herufi zisizofutika kwenye vifaa vya kujiundia

KIFAA cha umeme kilichoundwa nyumbani huweza kufanya kazi barabara kwa miaka mingi, kisha kikaleta hasara siku moja kwa sababu matundu yake hayakuandikwa chochote. Aliyekiunda anajua kwamba tundu la kushoto hutoa volti 5 na la kulia volti 12. Anayekiazima hajui, na redio yake ya volti 5 ikichomekwa penye 12, huenda ikaungua papo hapo.

Wengi huandika bambani kwa kalamu ya wino mzito. Maandishi hayo hufutwa na jasho la vidole, na ya kwanza kutoweka ni yale yaliyo kando ya swichi inayoguswa kila siku, yaani yale yale yanayohitajika zaidi.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Letraset ya Uingereza ilieneza herufi za kusugua, ambazo huachana na karatasi yake na kushika bambani zikikandamizwa kwa ncha butu. Zilipendeza, ila zilidai mkono mtulivu, na mara nyingi herufi A iliisha kabla ya Z kuguswa.

Printa ya leza imerahisisha mambo. Maandishi hupangwa kwenye kompyuta kwa vipimo halisi vya bamba, yakageuzwa kinyume kama yaonekanavyo kwenye kioo, kisha yakachapishwa kwenye plastiki angavu. Plastiki hiyo lazima iwe ya kustahimili joto la leza, la sivyo itayeyukia ndani ya mashine. Upande uliochapishwa hulazwa juu ya bamba. Hivyo herufi husomeka sawasawa, na kidole hugusa plastiki wala si wino. Gundi si lazima, kwani nati za swichi zenyewe huibana. Bamba nalo liwe jeupe au la rangi ya fedha. Herufi nyeusi hazionekani juu ya weusi.

Matundu yote hutobolewa kwanza, kingo zikapigwa msasa na bamba likapanguswa kwa spiriti. Anayetoboa baada ya kuandika huirarua kazi yake mwenyewe.

Upande wa nyuma hausahauliwi. Hapo huandikwa penye kuingia umeme wa volti 240, pamoja na kiwango cha fyuzi kwa ampea, ili atakayeibadilisha asiweke kubwa kupita kiasi.