Mgeni wa Wiki Moja Sasa Akaa Miezi Sita

Zamani mwaka wa mgeni hapa Pwani tuliujua. Disemba watu wa bara hushuka kwa sikukuu, Wazungu nao huja kukimbia baridi ya kwao. Masika yakianza, hoteli za Diani na Watamu hubaki na walinzi na paka. Siku hizi masika yaingia na mgeni bado yupo, amekaa barazani na laptopu yake. Hakuja kupumzika. Yuko kazini.

Mambo haya yana mizizi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, na hata intaneti ya Nairobi ikawa yapitia kwetu. Mwaka 2017 ikaja SGR, mtu akaweza kupanda Nairobi kwa mkutano na kushuka kesho yake. Korona ya 2020 ikawafunza wakubwa wa maofisi kwamba kazi yaweza kufanyika bila kumwona mfanyakazi. Na 2024 serikali ikatangaza kibali cha Daraja N, cha mgeni anayeishi Kenya huku mapato yake yakitoka nje.

Saa za kazi nazo zimegeuka. Anayefanyia kampuni ya London kazi huanza saa sita mchana wakati kule ni majira ya baridi, kwa sababu sisi tumewatangulia saa tatu. Wa New York huanza saa kumi na moja jioni akamaliza saa saba usiku. Hawa si Wazungu peke yao. Wamo vijana wetu wa Likoni na Malindi wanaonakili sauti na kujibu wateja wa Marekani. Mama akiona taa ya chumbani haizimwi usiku kucha, asidhani ni mchezo. (Tatizo ni swala ya alfajiri, lakini hilo waulizane wenyewe.)

Linalonikera mimi ni nyumba. Mwenye nyumba akipata mpangaji wa miezi mitatu anayelipa kwa dola, yule mwalimu aliyekaa miaka minane ataambiwa nyumba yafanyiwa ukarabati. Sheria yamlinda kiasi gani? Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ambayo ingemfikisha kwenye mahakama ya wapangaji, yahusu nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiasi hicho leo labda upate chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, choo cha pamoja. Ukipita hapo, kinga yako ni mkataba. Na anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba wa muda maalumu, Sheria ya Ardhi ya 2012 yampa notisi ya mwezi mmoja tu.

Simlaumu mwenye nyumba. Naye ana karo za shule. Mgeni pia hana kosa, ananunua samaki kwetu na kupanda tuktuk zetu, tena mwezi wa Mei ambapo zamani hapakuwa na biashara. Lakini wewe mpangaji, kabla Disemba haijafika, mwendee mwenye nyumba wako umwombe mkataba wa mwaka mmoja, wa maandishi, wenye kiwango cha kodi na muda wa notisi, mutie sahihi mbele ya shahidi. Akikataa, utajua mapema kwamba uanze kutafuta kwengine, na utatafuta kabla bei za msimu hazijapanda.