Aliyeugua kiharusi achungwe asianguke nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini, jamaa zake hushukuru Mungu wakidhani hatari imekwisha. Sivyo. Hatari nyingine humngojea kati ya kitanda na choo, nayo ni kuanguka.

Wengi hulaumu mguu uliolegea. Ni kweli, lakini mguu hauko peke yake. Kiharusi huharibu sehemu ya ubongo, na ubongo ndio unaosimamisha mwili usiyumbe. Baadhi ya wagonjwa, hasa walioathirika upande wa kulia wa ubongo, husahau kabisa upande wao wa kushoto na kujigonga mlangoni. Wengine hujiona wamepona, wakainuka bila kungoja msaada.

Dawa nazo huchangia. Zile za shinikizo la damu zaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na za kupunguza maji mwilini humfanya aende haja ndogo mara kwa mara. Hata hivyo, usimwachishe dawa, asije akapata kiharusi cha pili. Mweleze daktari wake.

Hapa Chaka na kwingineko Nyeri, nyumba nyingi zina choo cha nje. Mfikirie mzee akitoka saa tisa usiku katika baridi ya Mlima Kenya, njia ina matope, amevaa ndara na hana taa. Akianguka, mara nyingi huangukia upande uliopooza, ambao mifupa yake imedhoofika kwa kutotumika. Nyonga ikivunjika, huenda asitembee tena.

Mwekee chombo cha haja ndogo karibu na kitanda, na taa asiyohitaji kuitafuta gizani. Ondoa mikeka inayoteleza. Avae viatu vinavyoshika mguu. Kabla ya kusimama, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache. Anapogeuka, ageuke polepole kwa hatua fupi. Fimbo aishike kwa mkono wenye nguvu, nawe utembee upande wake dhaifu, bila kumvuta mkono uliopooza.

Lakini usimkalishe kitini kutwa kwa kuogopa ataanguka. Asiyetembea huzidi kudhoofika, na udhaifu huo ndio utakaomwangusha kesho. Afanye mazoezi aliyoonyeshwa na mtaalamu wa viungo.

Na akianguka, hata kama hakuumia, usinyamaze. Mpeleke akapimwe, kwani aliyeanguka mara moja ni rahisi kuanguka tena.