Muundo wa Riwaya ya Upelelezi

Riwaya ya upelelezi huanza na tukio, kisha hurudi nyuma kutafuta chanzo. Huu ni muundo wa rejea. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, maiti inakutwa mzimuni. Wengine wanaogopa mizimu. Bwana Msa anatafuta ushahidi.

Mfano: Mzee ameuawa Tukuyu, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Jirani anadai ndiyo kwanza atoke shambani kuchuma chai, lakini viatu vyake havina tope. Hicho ni kidokezo.

Angalizo: Ukiulizwa muundo, usisimulie kisa tu, utapoteza alama. Onesha vidokezo vimepangwaje, na jinsi vinavyojenga taharuki hadi muuaji ajulikane.